SODA SI MOJA: VIUNGO VYA TUFE LA KUOGEA LENYE MAPOVU



Siku hizi vikundi vya akina mama hutengeneza sabuni, mishumaa na mafuta ya kujipaka. Sasa wengine wanauliza: "Yale matufe ya kuogea yanayofoka majini, yanayouzwa mjini na katika hoteli za wageni, sisi hatuwezi kuyatengeneza?"

Tunaweza. Kazi yenyewe si ngumu. Ugumu uko kwenye viungo. Baadhi ya viungo havipatikani kijijini, na mtu akikosa kiungo hutafuta kingine badala yake. Kuna kiungo ukikibadilisha vibaya, unapoteza fedha za kikundi tu. Kuna kingine ukikibadilisha vibaya, mtu anaungua ngozi au anapofuka macho. Kwa hiyo tusome polepole.

TUFE HILI NI NINI?

Ni unga mkavu uliokandamizwa ukawa kama mpira mdogo. Ukiliweka majini linafoka, linatoa mapovu na harufu nzuri, kisha linayeyuka lote. Tufe la namna hii lilibuniwa Uingereza mwaka 1989 na Mo Constantine. Wenzetu wa huko hulitia katika bafu la kulalia. Sisi tunaweza kulitia katika beseni la kuloweka miguu baada ya kazi ya shamba.

Je, kwa nini linafoka? Ndani yake mna vitu viwili vikuu. Cha kwanza ni soda ya kuokea, ile wanayotumia waoka mikate na maandazi. Cha pili ni asidi kavu, yaani kitu kikali kama limau lakini kiko katika unga. Vikiwa vikavu, vimekaa pamoja kwa amani. Vikipata maji, vinapambana na kutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ndiyo inayotoa mapovu katika soda ya chupa, na ndiyo inayofoka ukitia Eno katika glasi ya maji.

Tuseme ukweli: mapovu hayatibu ugonjwa. Maji ya vuguvugu hulainisha magaga, na mafuta kidogo hulainisha ngozi. Mapovu ni ya kupendeza tu. Usimwambie mnunuzi kwamba ni dawa.

SODA NI ZIPI?

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Neno "soda" ni moja, vitu ni vingi.

1. Soda ya kuokea. Wengine huiita magadi soda. Ni unga mweupe, laini, unaoliwa katika chakula. Kwenye pakiti tafuta neno "bicarbonate" au alama NaHCO3. Hii ndiyo inayotakiwa.

2. Magadi ya mawe. Haya hutoka katika maziwa ya chumvi, kama Ziwa Natron kwetu Tanzania na Ziwa Magadi kule Kenya. Wengi huyatia katika maharage ili yaive upesi. Magadi nayo hufoka yakikutana na limau, basi mtu husema, "Si ni yale yale?" Hapana. Magadi ni makali kuliko soda ya kuokea. Hukausha ngozi na kuiwasha, tena yana mchanga na uchafu. Usiyatumie.

3. Kostiki soda. Hii ni ya kutengenezea sabuni. Kwenye kopo tafuta neno "caustic" au alama NaOH. Hii huunguza nyama ya mwili na hutoboa sufuria ya alumini. Haifoki ikikutana na asidi kavu na maji, bali huchemka kwa joto kali. KAMWE usiitie katika tufe la kuogea, hata chembe.

Kikundi kinachotengeneza sabuni kina kostiki tayari ndani ya nyumba. Basi iwekeni mbali, ifungwe kwa kufuli, kopo liandikwe HATARI. Msiihamishie katika chupa ya soda au kopo la chai. Na msinunue soda yoyote iliyofungwa katika karatasi isiyo na maandishi, hata kama muuzaji ni jirani. Msiipime kwa kuonja. Ninyi mmejifunza kusoma: someni pakiti kabla ya kutoa fedha.

Kostiki ikimrukia mtu, vueni nguo zilizoloa na mmwagie maji mengi safi, mfululizo, dakika 20 au zaidi. Ikiingia machoni, fanyeni vivyo hivyo huku macho yamefunguliwa. Msipake limau wala siki. Akimeza, asitapishwe. Kisha mkimbizeni kituo cha afya.

UKIKOSA ASIDI KAVU

Asidi kavu madukani huitwa ndimu ya unga. Kwenye pakiti huandikwa "citric acid" au E330. Ni chembe nyeupe kama sukari. Huuzwa kwa wanaotengeneza juisi na achari.

Je, maji ya limau yanaweza kushika nafasi yake ndani ya tufe? Hayawezi. Limau ni maji. Ukiyachanganya na soda, mapovu yote yatatoka hapo hapo kwenye bakuli, na utabaki na uji usio na kazi. Siki ni hivyo hivyo. Ukwaju una asidi nzuri, lakini nyama yake ina unyevu, inanata na hutia rangi ya kahawia.

Basi ukikosa ndimu ya unga, usitengeneze tufe. Tengeneza unga wa soda peke yake, pamoja na chumvi kidogo na viungo vya harufu. Utunze katika kopo kavu. Wakati wa kuloweka miguu, tia kijiko kimoja cha chai cha unga huo katika beseni la maji, kisha kamulia malimau mawili. Litafoka mbele ya macho yako. Ukimaliza, suuza miguu vizuri kwa maji safi. Maji ya ndimu na limau yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi inaweza kuungua na kutoka mabaka.

VIUNGO VINGINE

Wanga. Vitabu vya nje hutaja wanga wa mahindi. Badala yake tumia wanga wa muhogo. Menya muhogo, ukune, uchanganye na maji, uchuje kwa kitambaa. Acha maji yatulie, mwaga maji ya juu, anika wanga juani mpaka ukauke kabisa. Unga wa ugali haufai, hubakia majini kama makapi.

Chumvi. Tumia chumvi ya kawaida. Ikaange kwanza ikauke, kisha itwange. Chumvi ya mawe ya pwani hunyonya unyevu upesi, basi itie kidogo tu.

Mafuta. Mafuta ya nazi ni mazuri. Bara ambako hakuna nazi, tumia alizeti au ufuta. Yasizidi, kwa sababu huacha sakafu ikiteleza.

Harufu. Tumia mchaichai uliokaushwa na kutwangwa, au karafuu ya unga kiasi cha kugusa tu. Mafuta ya karafuu ni makali na huwasha, yaacheni.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Jaribuni kwanza kwa kikombe kidogo cha kahawa, msianze na ndoo. Tumieni kikombe kile kile kwa kila kitu:

Soda ya kuokea vikombe 2.
Ndimu ya unga kikombe 1.
Wanga wa muhogo kikombe 1.
Chumvi nusu kikombe.
Mafuta kijiko 1 cha chakula.

Changanyeni vikavu vyote katika bakuli kavu. Tieni mafuta polepole huku mkisugua kwa mikono mikavu. Kisha nyunyizeni maji kwa ncha za vidole, matone machache tu. Mkisikia mchanganyiko unachemka, maji yamezidi. Ukifinya ukashikana kama mchanga wenye unyevu, umekuwa tayari. Kandamizeni kwa nguvu katika kifuu kidogo cha nazi au kikombe, mtoe, mwache siku nzima mahali pakavu. Hifadhini katika chombo chenye mfuniko. Wakati wa masika msitengeneze, kwa maana unyevu wa hewa peke yake huanzisha kufoka na tufe hupasuka.

Mwenye kidonda, ukurutu au kisukari asiloweke miguu kabla ya kumwuliza mganga wa zahanati. Na watoto wasipewe matufe haya kuchezea, wengine huyadhani ni peremende.

HESABU YA KIKUNDI

Tuchukue mfano. Viungo vimewagharimu shilingi 12,000 mkapata matufe 20. Kila tufe limegharimu shilingi 600. Mkiuza kwa shilingi 700, mnapata 14,000, faida 2,000. Lakini matufe 5 yakiharibiwa na unyevu, yanabaki 15. Mkiuza kwa bei ile ile mnapata 10,500. Hapo mna hasara ya shilingi 1,500. Kwa hiyo faida yenu iko kwenye mfuniko wa kopo!

Kabla ya kuwauzia watu, nendeni SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, mpate ushauri. Wao watawaeleza pia taratibu za TBS. Na kila tufe liandikwe viungo vyake na tarehe lilipotengenezwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Soda ya kuokea na kostiki soda hutofautianaje? Utazitambuaje dukani?
2. Kwa nini maji ya limau hayafai ndani ya tufe, lakini yanafaa katika beseni?
3. Katika mfano wa hesabu, mngeuza matufe 15 kwa bei gani ili msipate hasara?
4. Nyumbani kwako kuna chombo gani kisicho na maandishi? Ndani yake mna nini?