Dozi Moja, Miili Tofauti: Kisa cha Isoniazidi na Nyayo Zinazowaka Moto

Hebu chukua watu wawili wenye uzito sawa. Wanaanza dawa za TB siku moja, vidonge vilevile. Baada ya wiki kadhaa mmoja analalamika nyayo zinawaka moto na vidole vinakufa ganzi. Mwenzake hasikii kitu. Hajarogwa, wala dawa zake si feki. Tofauti iko kwenye ini.

Dawa inayohusika ni isoniazidi, inayotumika kutibu kifua kikuu tangu 1952. Ikifika kwenye ini, kimeng'enya kiitwacho NAT2 huibandika kipande kidogo cha kemikali, asetili. Hapo dawa hupoteza makali, kisha hutoka kwa mkojo. Maelekezo ya kutengeneza NAT2 yako kwenye jeni uliyorithi nakala mbili: moja kwa baba, moja kwa mama. Zote mbili zikiwa dhaifu, kazi inakwenda polepole. Kwa mtu wa kasi, nusu ya dawa huondoka kwenye damu kwa saa 1 hivi. Kwa wa polepole, ni kama saa 3.

Kuwa wa polepole si ugonjwa. Japani ni takriban mtu 1 kati ya 10. Ulaya na sehemu nyingi za Afrika ni karibu nusu ya watu. Huenda nawe umo, na hutajua mpaka umeze dawa ya namna hii.

Sasa miguu inaingiaje hapa? Isoniazidi huvuruga vitamini B6, ambayo neva zinaihitaji. Dawa ikikaa mwilini muda mrefu, B6 inazidi kupungua, na neva ndefu zinazofika nyayoni huumia kwanza. Ndiyo maana wagonjwa wengi huongezewa kidonge cha pairidoksini, yaani B6 yenyewe, hasa wajawazito, wanaoishi na VVU, wenye kisukari, wenye utapiamlo na wanywaji wa pombe. Kumpima kila mtu jeni ni gharama. Kidonge hiki ni bei rahisi.

Kwa hiyo ukisikia ganzi au moto nyayoni, usiache dawa kimyakimya, maana TB iliyotibiwa nusunusu hurudi ikiwa sugu. Waambie kliniki. Na macho yakiwa ya njano au mkojo ukawa mweusi, nenda siku hiyohiyo: hilo ni ini linalolalamika.