Bolti ya Shokomzoba Isiwe Bolti Yoyote

Pikipiki zetu hubeba mama mjamzito kwenda zahanati. Hubeba na magunia ya mahindi kwenda mnadani. Uzito wa nyuma hukaa juu ya shokomzoba, na shokomzoba hushikwa na bolti. Bolti ikikatika njiani, watu huanguka.

Je, tutaijuaje bolti imara? Tutazame kichwa chake. Tukikuta 4.6, 8.8 au 10.9, tusome namba iliyo kabla ya nukta. 4 maana yake chuma hicho hukatika kikivutwa kwa nguvu ya kilo 40 hivi kwa kila milimita moja ya mraba. 8 ni kilo 80. Basi kwa bolti mbili za unene mmoja, ya 8.8 ina nguvu mara mbili ya 4.6.

Kung'aa siyo nguvu. Bolti nyingi zisizoshika kutu huandikwa A2-70. Hizo ni kilo 70 tu.

Twende dukani na bolti ya zamani mkononi. Namba ya mpya isiwe chini ya ile. Kama haisomeki, tununue ya pikipiki ya aina hiyo hiyo. Tulinganishe unene, urefu na meno. Nati iingie kwa vidole. Ikigoma, tusiilazimishe kwa spana. Sehemu laini ndiyo ikae ndani ya shokomzoba, kwani penye meno hukatika upesi.

Fundi akisema "hii itatosha tu", tumwombe atuonyeshe namba. Tumejifunza kusoma, basi tusome na bolti.