Madume Wakizidi Kwenye Banda la Kware

Mshike tetea wa kware, umtazame kisogo. Akiwa amenyonyoka manyoya na ngozi imechubuka, usikimbilie dawa ya ngozi. Nimeletewa ndege waliopakwa mafuta wiki nzima, kumbe kila jioni walirudishwa kwa madume walewale. Dume akipanda humng'ata jike kisogoni asiteleze, na jike anayegombewa na madume watatu hapati nafasi ya kupona. Jeraha likiwa utosini ni jambo jingine: huyo kashtuka, akaruka na kugonga paa la kizimba.

Kware huanguliwa karibu nusu kwa nusu. Ukipata vifaranga 40, tarajia madume kama 20, na majike 20 wanatoshwa na madume watano. Mimi hushauri dume mmoja kwa majike wanne. Chini ya watatu, majike wataumia. Na kama unataka mayai ya kula au kuuza tu, huhitaji dume hata mmoja. Jike hutaga bila dume, na yai lake lina lishe ileile. Halitoi kifaranga, basi.

Kwa hiyo wapambanue mapema. Kwa kware wa Kijapani wa rangi ya kawaida, angalia kifua kuanzia wiki ya tatu: dume ana kifua cha rangi ya kutu kisicho na madoa, jike ana madoadoa meusi. Weupe hawasomeki hivyo. Subiri wiki ya sita au ya saba, umgeuze ndege chali na kubonyeza taratibu uvimbe ulio juu ya tundu la haja. Dume aliyekomaa hutoa povu jeupe, zito kama la sabuni.

Umri huohuo ndio wa kuchinja au kuuza waliozidi. Kuwaonea huruma madume 15 ni kuwatesa majike 20, tena kwa chakula ulichonunua. Wa kubaki wawe wakubwa, wasio wakali, na ikiwezekana watoke kwa mfugaji mwingine, maana kware wakizaliana ndugu kwa ndugu, mayai mengi hayaangui.

Yule tetea mwenye kidonda mtenge, na asirudi kwa madume mpaka kisogo kiote manyoya. Ataendelea kutaga hukohuko, na mayai ya siku chache za mwanzo bado yanaweza kutoa vifaranga.