Theluji ya Kwanza: Mama, Uliza Kilicho Chini Yake

Mama mpendwa, huenda una dada, shemeji au mtoto anayeishi Denver au Aurora, katika jimbo la Colorado huko Marekani. Siku hizi wapo huko Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi. Au labda wewe mwenyewe ni mkazi wa huko. Basi unajua kwamba ifikapo Oktoba watoto hurudi kutoka shuleni na habari moja: "Mama, mlima umefunguliwa! Wenzetu wanakwenda kuteleza kwenye theluji. Na sisi je?"

Wengi wetu tulizaliwa mahali ambapo theluji huonekana kwa mbali tu, juu ya Kilimanjaro, Mlima Kenya au Ruwenzori. Mtoto akiomba kwenda kuogelea tunajua la kuuliza: maji yana kina gani, na nani atawaangalia? Lakini akiomba kwenda kwenye skii, wengine hukataa kwa hofu na wengine hukubali kwa kutojua. Kuuliza si ujinga. Hebu tuangalie mambo ambayo mama anapaswa kuyafahamu kuhusu theluji ya mwanzo wa msimu.

MLIMA HUFUNGULIWAJE OKTOBA?

Colorado kuna maeneo mawili yanayosifika kwa kushindania kufungua mapema, Arapahoe Basin na Loveland. Arapahoe Basin, iliyoanza kazi mwaka 1946, iko zaidi ya kilomita 100 magharibi mwa Denver. Sehemu yake ya chini, pale watu wanapoegesha magari, iko mita 3,286 kutoka usawa wa bahari. Kwa aliyewahi kupanda Kilimanjaro, hapo ni kati ya vibanda vya Mandara na Horombo. Mwaka 2019 ilifunguliwa tarehe 11 Oktoba. Miaka mingine hungoja hadi mwisho wa Oktoba, au hata kuingia Novemba.

Sehemu kubwa ya theluji ya siku hizo haikuanguka kutoka mawinguni, bali imetengenezwa. Usiku, baridi inaposhuka chini ya sifuri, wafanyakazi huwasha mitambo inayorusha maji pamoja na hewa iliyoshindiliwa. Matone madogo madogo huganda kabla ya kufika chini. Hewa ya Colorado ni kavu, na ukavu huo husaidia sana. Theluji hiyo hurundikwa kama vichuguu, kisha mashine kubwa huisambaza na kuishindilia. Arapahoe Basin ilianza kutumia mitambo hiyo mwaka 2002.

Theluji ya mitambo ni nzito kuliko ya mawinguni, kwa hiyo haiyeyuki upesi. Lakini asubuhi huwa ngumu kama sakafu ya saruji. Mchana jua huilainisha, na jioni huganda tena. Mtoto anayeanguka saa mbili asubuhi haangukii pamba.

UTEPE MMOJA MWEUPE

Ukifika siku za kwanza usishangae kuona mlima mzima ni wa kahawia, na katikati umepita utepe mmoja tu mweupe. Arapahoe Basin ina njia za kuteleza zaidi ya 100, lakini mwanzoni hufunguliwa moja au mbili. Kina cha theluji kinachotangazwa siku ya kufungua mara nyingi ni inchi 18, yaani kama sentimita 46. Kando ya utepe huo theluji ni chache zaidi, na chini yake kuna mawe na visiki vya miti.

Jambo la pili ni msongamano. Watu wote, mabingwa na wanaojifunza, hushuka njia ile ile. Tena njia inayofunguliwa kwanza kwa kawaida si ya wanafunzi. Marekani njia hupewa alama: duara la kijani ni nyepesi, mraba wa buluu ni ya kati, na almasi nyeusi ni ngumu. Ile ya kwanza Arapahoe Basin kwa kawaida ni High Noon, yenye alama ya buluu. Kumpeleka hapo mtoto asiyejua kusimama ni sawa na kumfundisha baiskeli kwenye barabara kuu siku ya gulio.

Sheria ya Colorado ya mwaka 1979 kuhusu usalama wa skii inasema kwamba aliye juu ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye chini yake. Mfundishe mwanao sheria hiyo kabla hajavaa viatu. Pia mfundishe asisimame katikati ya njia, wala mahali ambapo wanaotoka juu hawawezi kumwona.

THELUJI INAYOGEUKA SUKARI

Hapa ndipo penye hatari ambayo wazazi wengi hawaijui. Mtu hudhani kwamba theluji nyembamba haina madhara, na kwamba hatari huja theluji ikiwa nyingi. Colorado mambo huwa kinyume.

Theluji ya Oktoba inapokuwa nyembamba, chini yake ardhi bado ina joto kidogo, na juu yake usiku una baridi kali. Mvuke hupanda kutoka chini na kubadili chembe za theluji. Chembe hizo huwa kubwa na zisizoshikana, kama sukari ya mezani. Hubaki hivyo kwa wiki nyingi. Kisha Desemba na Januari theluji nzito huanguka juu yake. Ni kama kujenga nyumba ya matofali juu ya sakafu ya sukari. Siku moja mtu mmoja hupita, msingi huvunjika, na upande mzima wa mlima huporomoka.

Ndivyo ilivyokuwa majira ya baridi ya 2011 na 2012. Theluji ya mwanzo ilikuwa haba na dhaifu. Tarehe 22 Januari 2012 theluji nyingi ilipokwisha kuanguka, watu wawili walifariki katika maporomoko kwenye maeneo mawili ya skii ya Colorado, Vail na Winter Park. Aliyefariki Vail alikuwa mtoto wa miaka 13. Wote wawili walikuwa ndani ya mipaka ya maeneo hayo.

Katika njia zilizofunguliwa wafanyakazi hushindilia theluji, na kwenye miteremko mikali hulipua baruti ili yaliyo tayari kuporomoka yaporomoke kabla watu hawajafika. Nje ya kamba hakuna mlinzi. Kwa hiyo mweleze mwanao waziwazi: kamba iliyofunga njia haivukwi, hata kama marafiki wamevuka, hata kama theluji ya upande wa pili inapendeza macho. Kupita njia iliyofungwa ni kosa pia mbele ya sheria ya Colorado.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Kabla hujatoa fedha za tikiti, piga simu au soma taarifa ya siku hiyo, na uulize haya:

1. Njia ngapi zimefunguliwa, na je, ipo ya alama ya kijani kwa wanaojifunza?
2. Kina cha theluji ni sentimita ngapi mahali watu wanapoteleza, siyo kileleni tu?
3. Shule ya skii imeanza kufundisha watoto, au bado?
4. Theluji imeanguka lini, na usiku baridi ilikuwa kiasi gani?
5. Tunaweza kwenda siku ya kazi badala ya Jumamosi, ili kukwepa msongamano?

Kama jibu la swali la kwanza na la tatu ni hapana, mtoto anayeanza angoje.

MWILI NA MAVAZI

Vifaa vya kukodi vitamfaa anayeanza. Mwambie fundi ukweli kuhusu uzito, urefu, umri na uzoefu wa kila mmoja. Hizo ndizo hesabu anazotumia kukaza vifungo vinavyoshika kiatu kwenye ubao, ili viachie mtu anapoanguka na kuokoa goti lake. Kwa hiyo mama, siku hiyo usipunguze kilo zako kwa aibu! Na helmeti ni ya kila mtu, si ya watoto peke yao.

Usimvalishe mtoto jinzi wala fulana ya pamba. Pamba ikilowa hunyonya joto la mwili. Mpe nguo za sufu au za nailoni, tabaka mbili au tatu, na jaketi lisilopitisha maji. Glovu ziwe jozi mbili.

Kwa urefu ule hewa ni nyepesi. Kichwa kikiuma, mtoto akitapika au akikosa hamu ya kula, apumzike na anywe maji. Asipopata nafuu mteremsheni chini. Jua nalo ni kali, kwa sababu theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale yake. Ngozi nyeusi haikingi macho, kwa hiyo miwani ni lazima. Mama mjamzito asiteleze kabisa. Madaktari wa uzazi wa Marekani wanashauri hivyo kwa sababu ya hatari ya kuanguka.

Mtoto akinung'unika kwamba wenzake wamekwisha kwenda, mwambie ukweli huu: Arapahoe Basin mara nyingi huendelea hadi Juni, na Machi huwa na theluji tele. Msimu ni mrefu kuliko muhula wa shule. Anayengoja Januari hupata njia nyingi zilizo wazi, walimu waliokwisha kuanza kazi, na nafasi ya kuanguka na kuinuka bila kugongwa. Haraka haraka haina baraka, na mlima hautahama.