Kurejea Kwao na Kuanza Upya: Wamisionari Waliorudi Ulaya na Uandishi wa Kamusi za Kiswahili

1. Utangulizi

Malampaka ni mji mdogo wa wilaya ya Maswa, katika mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Bariadi. Mji huo upo kando ya reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928. Lugha ya nyumbani huko ni Kisukuma. Kiswahili ni lugha ya shule, ya stesheni, ya biashara ya pamba na, kwa kiasi kikubwa, ya mahubiri. Mtoto aanzaye darasa la kwanza mahali kama hapo hupokea Kiswahili kilichokwisha kupangwa: tahajia yake imekwisha kuamuliwa, sarufi yake imekwisha kuelezwa, na maneno yake yamekwisha kuwekwa katika kamusi. Huambiwa kwamba hicho ndicho Kiswahili sanifu, na kwamba msingi wake ni lahaja ya Unguja mjini.

Swali linalostahili kuulizwa na mwanafunzi wa lugha ni hili: Kiswahili hicho kilipangwa wapi, na kilipangwa na nani? Jibu la kawaida hutaja Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Kabla ya Kamati kulikuwa na vitabu, na vitabu hivyo vingi viliandikwa au kukamilishwa na wamisionari wa Kikristo baada ya kuondoka Afrika ya Mashariki na kurudi kwao. Mhadhara huu unachunguza marejeo hayo. Unajaribu kuonyesha kwamba kurudi nyumbani kwa mmisionari hakukuwa mwisho wa kazi yake. Mara nyingi kulikuwa mwanzo wa kazi nyingine, na kazi hiyo ya pili ndiyo iliyodumu zaidi. Aidha, unaeleza kilichopotea katika safari hiyo.

2. Krapf na Rebmann: Marejeo ya Kornthal

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika nchi ya Württemberg, Ujerumani. Alifika Mombasa mwaka 1844 akitumwa na Shirika la Misioni la Kanisa la Uingereza, baada ya kushindwa kuendelea na kazi Uhabeshi. Katika mwezi wa Julai mwaka huohuo alimzika mkewe na mtoto wao mchanga. Hata hivyo alianza kujifunza Kiswahili mara moja, na mwaka 1850 muhtasari wake wa sarufi ya lugha hii ulichapishwa Tübingen. Mwaka 1853 afya yake ilimlazimisha kuondoka. Baada ya kujaribu kurudi na kushindwa, alikaa Kornthal, karibu na Stuttgart.

Kwa mtazamo wa shirika lililomtuma, kazi ya Krapf ingeweza kuhesabiwa kuwa imeanguka: miaka tisa pwani, waumini wachache mno, na mwili uliochoka. Kwa mtazamo wa taaluma ya Kiswahili, mambo ni kinyume. Hati za mashairi ya Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo Krapf alizipeleka Ujerumani, ziliwekwa mwaka 1854 katika maktaba ya Jumuiya ya Wataalamu wa Mashariki huko Halle. Miongoni mwake ulikuwamo Utenzi wa Tambuka, ujulikanao pia kama Chuo cha Herekali, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani. Huko Kornthal alioa tena, akaandika habari za safari zake zilizotoka mwaka 1858, na zaidi ya yote akaendelea na kamusi. Alirudi Afrika ya Mashariki mwaka 1861 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, lakini hakukaa. Alifariki Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza ilitoka London mwaka uliofuata, miaka 29 baada ya yeye kuondoka Mombasa mara ya kwanza.

Mwenzake, Johannes Rebmann, alikuwa na marejeo ya namna nyingine. Alifika mwaka 1846, na kwa miaka 29 hakuiona Ulaya. Aliporudi mwaka 1875 alikuwa amekwisha kupoteza nuru ya macho. Akaenda kukaa Kornthal, karibu na Krapf, na mwaka 1876 akafariki. Kwake yeye hapakuwa na muda wa kuanza upya. Aliyeanza upya kwa niaba yake ni Krapf, ambaye mwaka 1877 alihariri na kuchapisha kamusi ya Kinyasa iliyokusanywa na Rebmann.

Kamusi hiyo ya Kinyasa inastahili kutazamwa kwa makini, ijapokuwa si ya Kiswahili. Maneno yake Rebmann aliyapata kwa mtu mmoja aitwaye Salimini, mtumwa aliyetolewa nchi za Ziwa Nyasa na kuletwa pwani. Hapo yanaonekana mambo mawili yaliyo kinyume. Msikilizaji alikuwa amekwenda ughaibuni kwa hiari yake, na alipochoka aliweza kurejea kwao. Msemaji alikuwa amefikishwa ughaibuni kwa nguvu. Kitabu kilichapishwa Ulaya kwa jina la msikilizaji. Kila ajadiliye mchango wa wamisionari katika lugha za Afrika hana budi kuukumbuka uhusiano huo.

3. Steere: Marejeo Yaliyoamua Lahaja

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa Misioni ya Vyuo Vikuu. Mwaka 1868 alirudi Uingereza, katika parokia yake ya Little Steeping, kijiji cha Lincolnshire. Mtu angeweza kudhani kwamba padri huyo amemaliza safari zake. Lakini miaka miwili baadaye, mwaka 1870, vilitoka vitabu viwili: mwongozo wake wa lugha ya Kiswahili kama isemwavyo Unguja, na mkusanyo wa hadithi za Kiswahili kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Mwaka 1872 alirudi Unguja, mwaka 1874 akawekwa kuwa askofu, na akafariki huko mwaka 1882.

Tofauti kati ya Krapf na Steere haikuwa ya madhehebu tu, bali ya lahaja pia. Krapf alijifunza Kimvita, lahaja ya Mombasa yenye ushairi wa kale. Steere alijifunza Kiunguja, lahaja iliyokuwa imesafiri na misafara ya biashara hadi Tabora, Ujiji na Ziwa Viktoria. Kitabu cha Steere kilikuwa kifupi, chepesi kutumika na cha bei ya kawaida; kilichapishwa tena na tena. Kamusi ya Krapf ilikuwa kubwa na yenye utajiri, lakini tahajia yake ilikuwa nzito na ilichelewa kutoka. Juu ya msingi wa Steere alijenga A. C. Madan, wa misioni hiyohiyo, ambaye kamusi zake zilitoka mwaka 1894 na 1903.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, hoja kubwa ilikuwa kuenea kwa lahaja hiyo bara. Wamisionari wa Mombasa walitetea Kimvita bila kufanikiwa. Lakini ikumbukwe kwamba Kiunguja kilikuwa pia na vitabu vya kutosha vya kuanzia kazi. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930, alizijenga kamusi zake za mwaka 1939 juu ya zile za Madan. Kwa hiyo, ipo njia inayoweza kufuatwa hatua kwa hatua kutoka nyumba ya padri wa Little Steeping hadi darasa la Malampaka.

4. Büttner na Sacleux: Darasa na Kamusi

Baadhi ya waliorudi walianza upya kwa kufundisha. Carl Büttner alikuwa mmisionari katika nchi ambayo leo ni Namibia, kati ya mwaka 1872 na 1880. Kiswahili hakikuwa lugha ya kazi yake huko. Lakini baada ya Chuo cha Lugha za Mashariki kuanzishwa Berlin mwaka 1887, yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili. Mkusanyo wake wa maandishi ya Kiswahili ulitoka mwaka 1894, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ndani yake mna nathari ya Waswahili wenyewe, akiwemo Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha katika chuo hicho. Hapo Mswahili hakuwa mtoa maneno tu. Alikuwa mwalimu na mwandishi ajulikanaye kwa jina. Haipasi, hata hivyo, kusahau kwamba chuo hicho kilikuwa pia kikiwaandaa maofisa wa utawala wa kikoloni.

Charles Sacleux, padri Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifika pwani mwaka 1879, akaishi Unguja na Bagamoyo, na akarudi Ufaransa mwaka 1898. Alikuwa na miaka 42. Kwa waliobaki misioni, habari yake ilikuwa imekwisha. Mwaka 1909 ilitoka sarufi yake ya lahaja za Kiswahili. Mwaka 1939 likatoka juzuu la kwanza la kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa, naye akiwa na miaka 83. Mwaka huohuo, basi, zilitoka kazi mbili zilizotofautiana sana: za Johnson, ambazo zililenga kusanifisha, na ya Sacleux, ambayo ilihifadhi lahaja, asili za maneno na majina ya mimea ambayo yeye, kwa kuwa alipenda elimu ya mimea, aliyakusanya kwa uangalifu. Johnson alisema Kiswahili kinapaswa kuwaje. Sacleux alionyesha kilivyokuwa.

5. Faida na Hasara za Kurejea

Kwa nini kazi nyingi zilikamilishwa baada ya marejeo? Sababu ya kwanza ni muda. Mmisionari aliye kazini alikuwa mjenzi, mwalimu, mganga na mhubiri, mswada ulingoja. Sababu ya pili ni mitambo ya kuchapia na wachapishaji, ambao wengi walikuwa Ulaya. Sababu ya tatu ni ya ndani zaidi: aliyerudi alikuta kwamba kwao pamebadilika na yeye mwenyewe amebadilika. Ujuzi uliokuwa na thamani pwani haukuwa na mahali katika kijiji chake. Kamusi iliupa ujuzi huo mahali.

Hasara nazo zilikuwapo. Mwenye kamusi akiwa Kornthal hakuwa na mzee wa Mombasa wa kumwuliza maana ya neno lililotia shaka. Kosa lililoandikwa kwa haraka mwaka 1848 lingeweza kuchapishwa mwaka 1882 bila kusahihishwa. Lugha pia haikungoja: wakati mswada ukinakiliwa, wasemaji walikuwa wakiunda maneno mapya. Zaidi ya hayo, hati zilizosafiri zilitoka mikononi mwa wenyewe. W. E. Taylor wa Mombasa, kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji. Taylor alifariki mwaka 1927. Diwani ya Muyaka, iliyotayarishwa na William Hichens kutokana na mkusanyo huo, ilichapishwa mwaka 1940. Bila Taylor na Sikujua huenda mashairi mengi yangepotea. Lakini pia ni kweli kwamba kwa muda mrefu msomaji wa Mombasa aliyetaka kuziona karatasi za mshairi wa mji wake alilazimika kusafiri hadi London.

6. Hitimisho

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia hata akitembea nyuma na mbele ya chombo, mwisho atarudi pale pa kuanzia. Methali hii hutumiwa kumkumbusha msafiri kwao. Historia iliyoelezwa hapa inaiongezea maana nyingine: ngamani ndimo maji yaliyovuja yanamokusanyika, na ndimo baharia afanyamo kazi ya kuyafua ili chombo kisizame. Krapf, Steere, Büttner na Sacleux walirejea, na katika kurejea wakafanya kazi iliyokipa Kiswahili sehemu ya umbo lake la leo.

Kazi hiyo sasa ina wenyewe wengine. Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, Dar es Salaam, kilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, kamusi ilieleza maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili, na msomaji mlengwa hakuwa tena mgeni anayejiandaa kusafiri. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko idadi ya vidahizo vyake. Hata hivyo, sehemu moja ya kazi haijakamilika. Wakusanyaji wa karne ya 19 walisikiliza zaidi pwani, na Kamati ikaipeleka bara lugha iliyokwisha kupangwa. Kiswahili cha Malampaka, kinachosemwa na watu ambao Kisukuma ndicho lugha yao ya kwanza, kina maneno ya kilimo cha pamba, ya mifugo na ya reli, na kina mazoea yake ya matamshi. Kwa muda mrefu kimetazamwa kama makosa ya kusahihishwa.

Mwanafunzi atokaye Simiyu akaenda chuo kikuu, kisha akarudi kwao na daftari, yumo katika hali ambayo Krapf hakuwa nayo. Kurejea kwake kunamkaribisha kwa wasemaji badala ya kumtenga nao. Akitilia shaka neno, anayemjua maana yake yuko jirani. Na kitabu kitakapotoka, jina la aliyelisema neno hilo linaweza kuandikwa karibu na jina la aliyeliandika.