Pikapu haivunjiki mguu wa mbele bila kutoa onyo

WAHENGA walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari la mizigo, ufa huo mara nyingi huwa ni mlio mdogo unaosikika chini ya gurudumu la mbele kila pikapu inapoingia shimoni, usukani unaovuta upande mmoja, au tairi inayolika ukingo wa ndani pekee.

Dereva akishauzoea mlio huo, huuchukulia kuwa sehemu ya safari. Kisha siku moja kifundo kinachoshikilia gurudumu huchomoka, gurudumu likalala chini ya gari, na usukani ukabaki kuwa duara tu mikononi mwake lisiloamrisha chochote.

Wengi huiita ajali ya namna hiyo kuwa ya ghafla. Ukweli ni kwamba aghalabu si ya ghafla. Vyuma vya mbele huchakaa hatua kwa hatua, na karibu kila hatua ina dalili yake. Kuzitambua dalili hizo hakuhitaji mitambo ya bei ghali. Kunahitaji jeki, mtu wa kusaidia na robo saa.

Miundo miwili

Pikapu za mizigo zinazotumika nchini Kenya zina miundo miwili mikuu ya sehemu ya mbele.

Wa kwanza ni ule wa ekseli moja nzima inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Mfano unaojulikana zaidi ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari linalotegemewa na polisi, mashirika ya misaada na wafanyabiashara wa maeneo kame. Hadi mwaka wa 1999 pikapu hiyo ilikuwa na springi bapa mbele. Tangu mwaka huo imetumia springi za koili, lakini ekseli yake imebaki nzima.

Katika muundo huu, kila gurudumu hugeuka juu ya beringi mbili za kingipini, moja juu na nyingine chini. Kisanduku cha usukani husukuma fito ndefu, nayo fito hiyo husukuma gurudumu. Fito nyingine, tairodi, huhakikisha magurudumu yote mawili yanageuka pamoja.

Muundo wa pili ni ule ambao kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka peke yake. Hapa ndipo zilipo Toyota Hilux na Isuzu D-Max za miaka ya karibuni. Gurudumu hushikiliwa na mikono miwili ya chuma, na mwishoni mwa kila mkono pana bolijointi, yaani mpira wa chuma unaozunguka ndani ya kikombe chake kama nyonga ya mwanadamu.

Ekseli nzima huhimili vishindo vikubwa na ni rahisi kutengenezwa mbali na mjini. Muundo wa pili humpa dereva utulivu zaidi kwenye lami, ila una vifundo vingi zaidi vya kuchakaa. Hakuna muundo usiokufa. Tofauti ni mahali ambapo kila mmoja huanzia kufa.

Hata viwandani makosa hutokea

Wapo wanaoamini kwamba gari la jina kubwa haliwezi kuvunjika usukani. Historia inaonyesha vingine.

Mnamo Agosti 2004, gari aina ya Hilux Surf lilipoteza mwelekeo katika mkoa wa Kumamoto, Japani, likagonga gari lililokuwa likitoka upande wa pili. Watu watano walijeruhiwa. Fito ya kati ya usukani wake ilikuwa imevunjika.

Oktoba mwaka huo, kampuni ya Toyota iliita gereji takriban magari 330,000 ya Hilux na Hilux Surf nchini Japani ili fito hiyo ibadilishwe. Mwaka uliofuata ikafanya vivyo hivyo Marekani kwa karibu magari milioni moja. Desemba 2010, bila kukiri kosa, kampuni hiyo ilikubali kulipa serikali ya Marekani faini ya zaidi ya dola milioni 16 kuhusiana na kuchelewa kuarifu kuhusu kasoro hiyo.

Lililojitokeza katika suala hilo lina funzo kwa kila dereva. Fito hizo hazikuwa na nguvu ya kutosha, na zilipata nyufa hasa pale usukani ulipozungushwa kwa nguvu mara kwa mara gari likiwa limesimama, kama vile wakati wa kuegesha. Ufa ulikua kidogo kidogo hadi chuma kikakatika.

Malori madogo yenye ekseli nzima nayo hayakusalimika. Novemba 2013, kampuni ya Chrysler iliita gereji takriban pikapu kubwa milioni 1.2 za Ram kwa sababu kifundo cha tairodi ya upande wa kushoto kingeweza kuvunjika na kumnyima dereva uwezo wa kuliongoza gari.

Ikiwa kifundo kipya kutoka kiwandani kinaweza kuwa na kasoro, kile kilichobeba mizigo miaka kumi bila kukaguliwa kina sababu kubwa zaidi ya kutiliwa shaka.

Mambo yanayoua sehemu ya mbele

La kwanza ni barabara. Mashimo huleta kishindo kimoja kikubwa, lakini barabara ya changarawe yenye mawimbi huleta vishindo vidogo maelfu kwa maelfu katika safari moja. Vishindo hivyo hulegeza nati, hula mipira ya bushi na kuchosha shokomzoba hadi zikashindwa kulituliza gurudumu.

Nchini Kenya, ambako magari hupita upande wa kushoto, gurudumu la kushoto hupata taabu zaidi. Ndilo linaloshuka kwenye ukingo wa lami iliyomeguka kila dereva anapolipisha lori linalotoka mbele. Kwa hivyo ukaguzi ni vyema uanzie upande huo.

La pili ni mzigo. Wengi hudhani kwamba mzigo uliozidi huumiza springi za nyuma pekee. Mzigo ukiwekwa nyuma ya ekseli ya nyuma, kama ilivyo kawaida ya wanaorefusha karoseli, huinyanyua sehemu ya mbele kama ubao wa pembea. Usukani huwa mwepesi na matairi ya mbele hushika barabara kwa shida. Dereva anapokanyaga breki, uzito wote huo hurudi mbele kwa kishindo na kuviangukia vifundo vile vile.

Aidha, kuna wanaofunga bamba zito la chuma mbele pamoja na winchi, kisha wakaweka matairi makubwa kuliko yaliyokusudiwa na kiwanda. Tairi kubwa ni nyenzo ndefu zaidi. Kila jiwe linaloligonga hupeleka nguvu kubwa zaidi kwenye tairodi na beringi.

La tatu ni maji na vumbi. Kila bolijointi na kila kifundo cha tairodi kina mpira mdogo unaokifunika ili grisi isitoke na uchafu usiingie. Mpira huo ukipasuka, mchanga huingia na kuigeuza grisi kuwa tupa inayosaga chuma mchana na usiku. Mpira wenyewe ni wa bei ndogo ukilinganishwa na kifundo kizima, na ajali ni ghali kuliko vyote viwili.

Mtetemo unaotisha

Pikapu zenye ekseli nzima zina ugonjwa mmoja unaowaogofya madereva. Gari likiwa katika mwendo wa kadiri au wa kasi hugonga shimo au tuta dogo, na ghafla magurudumu ya mbele huanza kuyumba kushoto na kulia kwa kasi kubwa. Usukani hutikisika kiasi kwamba mikono hushindwa kuutuliza.

Sababu ni ulegevu. Gurudumu moja likiyumba, tairodi hupeleka myumbo huo kwa gurudumu la pili, nalo likaurudisha. Vifundo vikiwa imara, myumbo hufa papo hapo. Vikiwa vimelegea, hukua kila unapokwenda na kurudi.

Dereva anayepatwa na hali hiyo anapaswa kuachilia mafuta, kuushika usukani kwa uthabiti bila kupigana nao, na kupunguza mwendo polepole hadi mtetemo utulie. Kukata kona kwa ghafla kunaweza kuliangusha gari.

Kosa kubwa hufanyika baadaye, gari likiwa gereji. Magari mengi ya aina hii yana shokomzoba ya usukani, ambayo kazi yake ni kupunguza vishindo vinavyoifikia mikono ya dereva. Makanika asiye makini hufunga shokomzoba mpya, mtetemo ukapungua, na mwenye gari akaondoka akiwa ameridhika.

Kufanya hivyo ni kumpa mgonjwa dawa ya maumivu huku jeraha likioza. Beringi ya kingipini au kifundo kilichosababisha ulegevu bado kipo, na sasa hata dalili yake imefichwa. Shokomzoba hiyo ifungwe baada ya chanzo kupatikana, wala si badala ya kukitafuta.

Jinsi ya kukagua

Ukaguzi wa kwanza hufanywa gari likiwa limesimama kwenye ardhi tambarare. Mtu mmoja huketi kwenye kiti cha dereva, akawasha injini na kuutikisa usukani kidogo kushoto na kulia pasipo kuuzungusha wote. Mwenzake hutazama kila kifundo chini ya gari. Pale ambapo chuma kimoja kinatikisika kabla ya kile kinachoungana nacho, ndipo penye ulegevu.

Ukaguzi wa pili huhitaji gurudumu linyanyuliwe kwa jeki na gari liegemezwe kwenye nguzo imara. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Katika pikapu yenye bolijointi na springi iliyokalia mkono wa chini, jeki huwekwa chini ya mkono huo, kwa kuwa uzito wa springi unaweza kuuficha ulegevu.

Tairi likishikwa kushoto na kulia kisha likatikiswa, ulegevu unaohisika mara nyingi hutoka kwenye tairodi. Likishikwa juu na chini, ulegevu hutoka kwenye beringi ya gurudumu, bolijointi au kingipini.

Ipo mbinu rahisi ya kutofautisha hayo ya mwisho. Mwenzake akanyage breki huku tairi likitikiswa. Ulegevu ukitoweka, kasoro i kwenye beringi ya gurudumu. Ukibaki, basi bolijointi au kingipini ndiyo iliyokwisha.

Tairi nalo husema. Likilika kingo kama meno ya msumeno, magurudumu hayaelekei sambamba. Na kwenye Land Cruiser ya ekseli nzima, grisi iliyochanganyika na oili inayochuruzika nyuma ya gurudumu ni ishara kwamba sili za ndani zimeachia, na beringi za kingipini zi hatarini.

Ukarabati usio wa kujidanganya

Kifundo kilicholegea hakitengenezwi, hubadilishwa. Zipo gereji ambazo hukigonga kikombe kwa nyundo ili kibane, au hukichomelea kwa moto. Moto hubadilisha ugumu wa chuma kilichopikwa kiwandani, na mahali palipochomelewa ndipo patakapokatika.

Vipuri navyo vina mtego wake. Katika maduka ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, kama ilivyo katika miji mingine, kifundo halisi na kilichoghushiwa vinaweza kukaa kwenye rafu moja ndani ya maboksi yanayofanana. Kenya ilitunga sheria dhidi ya bidhaa ghushi mwaka wa 2008, lakini mnunuzi ndiye mlinzi wa kwanza. Bei iliyo chini mno, mpira mwepesi unaonuka, na namba ya kipuri isiyosomeka ni sababu tosha za kukirudisha.

Baada ya tairodi au bolijointi kubadilishwa, magurudumu sharti yapimwe upya mwelekeo wake. Mwenye gari anayekwepa gharama hiyo ataigharimia kwa matairi. Vilevile, kipini kidogo kinachozuia nati isifunguke kiwe kipya. Kipini hicho cha bei ya chini kuliko kikombe cha chai ndicho kinachozuia kifundo kisichomoke.

Sheria za Kenya huyataka magari ya kibiashara yakaguliwe kila mwaka. Hata hivyo, pikapu inayobeba mizigo kila siku kwenye barabara mbovu inaweza kumaliza kifundo muda mrefu kabla ya mwaka kwisha. Cheti huonyesha hali ya gari siku ile lilipokaguliwa, na wala hakisemi lolote kuhusu miezi inayofuata.

Kwa hivyo, mwenye pikapu afaa kuwa na kawaida yake mwenyewe: vifundo vyenye matundu ya grisi vipigwe grisi kila oili ya injini inapobadilishwa, mipira itazamwe, na matairi yatikiswe. Dereva naye asizungushe usukani kwa nguvu gari likiwa limesimama tuli. Aliache lisogee kidogo kwanza.

Zaidi ya yote, mwajiri amsikilize dereva. Mara nyingi anayeusikia mlio wa kwanza si mwenye gari bali ni yule aliyeajiriwa kuliendesha, naye huogopa kuonekana mlalamishi. Akisema kwamba mbele panagonga, pikapu isipakiwe tena hadi itazamwe. Anayeupuuza mlio huo hayaweki rehani magurudumu yake tu, bali pia maisha ya dereva huyo, ya waliopanda naye, na ya wale watakaokutana naye barabarani.