Anwani Huonyesha Mlango, Haionyeshi Mtu

Mtu ashukaye kutoka katikati ya mji wa Kigali kwenda kituo cha mabasi cha Nyabugogo hupitia Muhima, mtaa uliojengwa kwenye mteremko, nyumba zake zikiwa zimekaribiana sana. Humo wamo wanafunzi wa vyuo vikuu waliopanga vyumba. Si mbali na hapo kipo Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoanza mwaka 1997 kwa jina la KIST, mahali palipokuwa shule ya maofisa wa jeshi. Zamani palifundishwa ulinzi wa kambi. Leo hufundishwa jinsi habari zinavyosafiri katika nyaya na hewani. Mambo hayo mawili yana uhusiano, na leo tungependa kuueleza kwa ndugu zetu askari na polisi.

Mwanafunzi aonapo kuwa mtandao wa nyumba ni hafifu, hununua ruta yake mwenyewe, yaani kile kisanduku kigawacho intaneti kwa simu na kompyuta. Hutia kadi ya simu, au huunganisha na waya wa jengo. Jirani huomba neno la siri, naye hupewa, kwa kuwa kumnyima jirani si ungwana. Jirani naye humpa mgeni wake. Haupiti muda mrefu kabla watu wasiojuana hawajaanza kutumia mlango mmoja.

Hatuna budi kufahamu jinsi mlango huo unavyofanya kazi. Ndani ya chumba kila simu hupewa namba yake, ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Ujumbe unapotoka nje, ruta huiondoa namba hiyo na kuweka anwani moja tu kwa wote. Ni kama barua za kombania nzima zinazopelekwa kwa sanduku moja la posta: aliye mbali huliona sanduku, wala hamwoni mwandishi.

Sasa tuseme mmoja wao ametuma vitisho au amemtapeli mtu. Sheria ya Rwanda Namba 60 ya mwaka 2018 inayahesabu makosa ya mtandao kuwa jinai, na mpelelezi ana wajibu wa kumtafuta mkosaji. Anwani itamfikisha kwa mwenye ruta. Huyo apaswa kuhojiwa, lakini kuhojiwa si kutiwa hatiani. Kijana asiye na kosa aweza kupoteza masomo na jina lake kwa sababu tu ya ukarimu wake. Tena kampuni za simu mara nyingi huwapa wateja wengi anwani moja kwa wakati mmoja. Mpelelezi asiyeandika saa, dakika na sekunde kwa usahihi aweza kubisha hodi kwenye nyumba isiyohusika kabisa.

Yatupasa pia kuwa na subira. Ruta nyingi za bei nafuu huweka orodha ya vifaa vilivyounganishwa katika kumbukumbu ifutikayo umeme ukikatika. Askari akiing'oa ruta kwa haraka, huenda akawa ameuharibu ushahidi aliokuja kuutafuta. Ni heri aiache ikiwaka, aandike alichokikuta, kisha amwite mtaalamu. Hata orodha hiyo isiaminiwe peke yake, kwa maana simu nyingi za siku hizi hubadili namba zao za utambulisho ili zisifuatiliwe.

Kwa upande wake mwenye ruta, awe mwanafunzi wa Muhima au askari aliyepanga chumba uraiani, anao wajibu wake. Kwanza aombe ruhusa ya mwenye nyumba au ya chuo. Pili, waya wa jengo auchomeke kwenye tundu lililoandikwa WAN. Akiuchomeka penye LAN, ruta yake yaweza kuanza kuwagawia namba majirani, na mtandao wa jengo ukavurugika. Tatu, abadili neno la siri la kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka vifaa vingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Nne, achague ulinzi wa WPA2 au WPA3, na wageni awafungulie mtandao wao wa pembeni, wenye neno la siri atakalolibadili mara kwa mara.

Mlinzi wa lango huulizwa ni nani aliyepita, naye hujibu vema ikiwa ameweka daftari. Mwenye ruta na ajue anaowafungulia. Nasi tuliopewa dhamana ya kulinda raia, tukumbuke kuwa tukifika mlangoni kazi ya upelelezi ndiyo kwanza imeanza.